Msitu si Shamba la Bibi

Hotuba hii ilitolewa Moshi, mbele ya wanachama wa ushirika wa kahawa, watumia maji wa mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, na wanafunzi wa sekondari za jirani. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu zangu wa rika langu, habari za tangu asubuhi? Na nyie wanafunzi mliokaa kule mwisho, hamjambo? Sogeeni mbele, viti vipo. Nyie ndio mtakaokaa na mlima huu miaka hamsini ijayo, kwa hiyo msikilize kwa karibu.

Nimeombwa nizungumze juu ya ukataji miti: misitu yetu inaisha kwa nini, na ikiisha tunakuwa wageni wa nani. Nitaanza na hesabu, kwa sababu bila hesabu tutabaki kusikitika tu.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tathmini ya misitu ya dunia mwaka 2020. Humo limeandika kwamba kati ya 2010 na 2020 Tanzania ilipoteza wastani wa hekta 421,000 za msitu kila mwaka. Hapo wameshatoa ile iliyopandwa na ile iliyoota yenyewe. Nchi zilizotuzidi duniani kote ni nne: Brazili, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Indonesia na Angola. Sisi ni wa tano.

Hekta 421,000 ni kilomita za mraba 4,210. Mkoa wetu huu wa Kilimanjaro, ukichukua Siha, Hai, Moshi, Rombo, Mwanga na Same zote, una kilomita za mraba kama 13,200. Wanafunzi, gawanyeni. Mnapata ngapi? Miaka mitatu na kidogo. Yaani kila baada ya miaka mitatu na kidogo, nchi hii inafuta msitu wenye ukubwa wa mkoa mzima wa Kilimanjaro. Katika ile miaka kumi, mikoa mitatu imekwenda. Nani amekula mikoa mitatu?

Ukiuliza hivyo mtaani, jibu ni moja: mchoma mkaa. Basi tuanze na yeye.

Kuna kijana nilimkuta Simanjiro, anachoma mkaa kwenye pori la migunga. Nilikaa naye jioni nzima nione kazi yake. Anaangusha mti kwa shoka, anaukata magogo ya urefu mmoja, anayapanga chini yakishikana, anafunika kwa majani mabichi, juu ya majani anapiga udongo. Upande mmoja anaacha mdomo wa kuwashia, pembeni matundu madogo ya kutolea moshi. Akishawasha, halali. Udongo ukipasuka usiku na hewa ikaingia, asubuhi atakuta majivu, na kazi ya wiki imekwenda. Kwa hiyo anazunguka na koleo usiku kucha, anaziba huku, anaziba kule. Moshi ukiwa mweupe na mzito anajua magogo bado yana maji. Ukianza kuwa mwembamba wa samawati, anajua mkaa umeiva. Macho yake ni mekundu muda wote, na kifua kinakoroma.

Na baada ya taabu yote hiyo, tanuru la udongo la namna ile linakula tani tano hadi kumi za kuni ili litoe tani moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya mti inaondoka na moshi. Kisha anakuja mwenye pikipiki, anakuja dalali, linakuja lori, unalipwa ushuru, wakati mwingine unalipwa usio ushuru, mkaa unafika stoo mjini. Yule kijana, katika gunia linalouzwa Moshi au Arusha, amebaki na sehemu ndogo kuliko wote walioligusa. Nilimuuliza: ungepata kazi nyingine ungeacha? Akanijibu, "Mzee, nani anapenda kulala na moshi?"

Sasa tumfuate mkaa wenyewe mpaka Mbuyuni sokoni. Mama lishe anaamka saa kumi alfajiri. Anajua kabisa kwamba gesi ni safi na haraka. Lakini gesi inajazwa mtungi mzima kwa mkupuo, na yeye pesa yake inaingia kwa sahani. Mkaa anaununua kwa kopo, wa leo kwa leo. Akiuza vizuri ananunua makopo matatu, akiuza vibaya anachukua moja. Mkaa unamfuata mfuko wake ulivyo. Gesi inamtaka awe na fedha ambazo hajawahi kuwa nazo kwa pamoja. Mtamlaumu huyu?

Serikali imeliona hilo. Mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja, shule zikiwemo, zilishaelekezwa kuachana na kuni na mkaa. Ni jambo jema na naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini nasema wazi hapa: mpaka siku gesi itakapouzwa kwa kipimo kinacholingana na mauzo ya siku ya mama lishe, kopo la mkaa litaendelea kushinda.

Hata hivyo, ndugu zangu, mchoma mkaa hajala mikoa mitatu peke yake. Watafiti waliokwenda kukagua maeneo yaliyofyekwa sehemu mbalimbali za nchi wamekuta kwamba chanzo kikubwa cha msitu kutoweka Tanzania ni kilimo, na zao linaloongoza ni mahindi. Mahindi haya haya ya ugali wetu. Mara nyingi mkaa unachomwa kwa miti ambayo tayari ilikuwa inaondolewa ili pawe shamba. Mkulima anafyeka, anachoma, analima misimu mitatu minne, udongo unachoka, anahamia mbele. Nyuma yake panabaki vichaka, mbele yake kuna msitu mwingine.

Na huyo mkulima ni nani? Ametoka wapi? Hapa naomba wazee wangu wanisamehe, maana nitaingia ndani ya nyumba zetu.

Chukueni mzee mmoja wa huku juu, sitamtaja, mnamjua kwa sababu yuko katika kila ukoo. Alirithi kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, cha ekari tatu. Juu kulikuwa na miruka na miringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi. Zizi la ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, masale mpakani, mfongo unapita pembeni. Kahawa ilisomesha watoto. Chama chetu cha ushirika, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na nusu ya wasomi wa mkoa huu walilipiwa ada na yale magunia. Mzee akapata vijana wanne. Akawagawia. Ekari tatu kwa wanne ni robo tatu ya ekari kila mmoja. Na wao wakazaa.

Bei ya kahawa ikaanguka. Mnaikumbuka ile miaka, sina haja ya kuisimulia. Kijana wa kwanza akaangalia mruka uliokuwa unaipa kahawa kivuli, akaona mbao. Akaukata. Wa pili akang'oa kahawa yenyewe, akapanda nyanya. Wa tatu akajenga nyumba za kupangisha. Wa nne hakuwa na pa kukanyaga, akapanda basi akaenda Kiteto. Wengine walikwenda Handeni, wengine Kilindi, wengine Simanjiro. Akafika, akapewa ekari ishirini za pori na mwenyekiti wa kitongoji kwa bei ya mbuzi, akashika shoka.

Kwa hiyo tukiambiwa kwamba Kiteto misitu inaisha, tusitikise vichwa kama watu wasiohusika. Shoka liko Kiteto, mpini umetoka kwenye kihamba kilichogawanywa huku. Ardhi iliyokwisha, bei ya kahawa iliyoanguka, kijana asiye na kazi: hivyo ndivyo vyanzo vya ukataji miti katika nchi maskini. Yule mwenye shoka ndiye tunayemwona kwa sababu ndiye wa mwisho kwenye mstari.

Tuje kwenye matokeo. Nitakaa zaidi kwenye maji, kwa sababu nikisema mengine mtanisikiliza, nikisema maji mtakaa wima.

Wageni wanakuja kutoka dunia nzima kutazama barafu ya Kibo. Ni kweli barafu inaisha. Tangu ilipopimwa mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 imeshaondoka, na inauma. Lakini naomba niwaulize wenyeji: maji mnayokunywa yanatoka kwenye barafu? Wengi tunaamini hivyo. Tunaona nyeupe juu, tunaona mto chini, tunaunganisha. Waliopima wanasema vingine. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayotiririka kutoka mlima huu chimbuko lake ni ukanda wa msitu. Msitu! Ule mkanda wa kijani tunaoukata na kuuchoma huku macho yetu yako kwenye barafu.

Unafanyaje kazi? Ingia msituni asubuhi ya Julai, wakati mjini hakuna hata tone la mvua. Utatoka umelowa. Ukungu unaingia kati ya miti, unagota kwenye majani, kwenye kuvumwani iliyoning'inia matawini, unageuka matone, matone yanadondoka. Chini kuna majani yaliyooza, unazama mpaka kifundo cha mguu. Maji hayakimbii pale. Yanazama taratibu, yanaingia kwenye miamba ya volkano, yanasafiri gizani, halafu yanatokea huku chini yakiwa safi na baridi: Nsere, Shiri, Njoro. Mji wa Moshi unakunywa maji ya chemchemi. Ondoa ule msitu, ukungu utapita juu kama ulivyokuja, hautaacha kitu. Mvua ikinyesha, itateremka yote kwa siku moja ikiwa na rangi ya udongo, na kesho mto umekauka.

Mwaka 2016 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa kuhusu milima ya Afrika Mashariki. Kuhusu Kilimanjaro ilisema kwamba moto umeteketeza hekta 13,000 za msitu tangu 1976, na maji tuliyoyapoteza kwa sababu hiyo yangetosha watu milioni moja kunywa mwaka mzima. Mkoa wetu, kwa sensa ya 2022, una watu milioni 1.86. Yaani zaidi ya nusu ya mkoa. Na taarifa hiyo ilitoka kabla ya Oktoba 2020, wakati moto ulipowaka juu ya Mandara tukauona usiku kutoka mjini, ukaunguza kilomita za mraba zipatazo 95 za uoto wa juu. Wanafunzi walikwenda kuuzima, wananchi walikwenda, wengine mpo humu ukumbini. Mlipanda mkiwa na matawi ya miti na mapanga, mkapambana na moto kwenye hewa isiyotosha mapafu. Naomba muinuke, tuwapigie makofi.

Ahsanteni. Kaeni.

Maji yanayopungua huku juu yanaonekana wapi? Yanaonekana tambarare. Nendeni Mabogini, nendeni Chekereni. Mwaka 1987 ilifunguliwa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi kwa msaada wa Wajapani, mpunga ukastawi, watu wakaezeka nyumba kwa bati. Haikuchukua muda maji yakawa hayatoshi kulima eneo lote lililopangwa. Nitakuwa mkweli: si ukataji miti peke yake uliofanya hivyo. Watu wa juu ya skimu nao waliona mpunga unalipa, wakafungua mifereji yao, wakayachukua maji kabla hayajafika. Lakini ugomvi wa watu wawili juu ya maji unazidi pale maji yenyewe yanapopungua. Niliwahi kuitwa kusuluhisha wanaume wawili, mtu na shemeji yake, waliokutana saa nane usiku kwenye mlango wa mfereji, kila mmoja na panga. Zamu ilikuwa ya mmoja, mpunga uliokuwa unakauka ulikuwa wa mwingine. Mmoja alishonwa mkono. Watoto wa dada hawakusalimiana na mjomba wao mpaka mazishi ya bibi yao yalipowakutanisha. Hayo ndiyo matokeo ya ukataji miti ambayo hayaandikwi kwenye taarifa.

Na safari ya maji haikomi hapo. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, wapo wavuvi wanaoishi kwa bwawa lile. Kutoka hapo ni mto Pangani, mpaka mitambo ya Hale, mpaka Maporomoko ya Pangani penye megawati 68, mpaka baharini. Mtu wa Tanga hajawahi kufika Marangu, lakini taa yake ina habari na msitu wa Marangu.

Kuna udongo pia. Novemba 2009 kule Mamba Miamba, wilaya ya Same, mvua ilinyesha mfululizo, ubavu wa mlima ukashuka juu ya nyumba na zaidi ya watu 20 wakafa. Siwezi kusimama hapa niseme miti ingewaokoa wote. Mvua ile ilikuwa kubwa. Nasema mteremko mkali ukishaondolewa mizizi, unakuwa umeondolewa kinachoushikilia. Na kwa sababu hiyo hiyo ya ukweli, tusichanganye mambo. Desemba 2023 Katesh, tope lilipotoka mlima Hanang na kuua watu zaidi ya themanini, wengi walikimbilia kusema ni ukataji miti. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima wenyewe ilinyonya maji ikameguka. Tukilaumu shoka kwa kila kitu, siku tukisema kweli hatutaaminiwa.

Mama zangu, kuni sitazieleza. Nyie mnazijua kwa shingo zenu.

Sasa nafika kwenye neno nililokuja nalo. Kwa nini msitu mmoja unabaki na mwingine unaisha, katika nchi ile ile, chini ya sheria ile ile, mbele ya umaskini ule ule? Nimezunguka sana na swali hili, na jibu langu ni kwamba msitu unaisha pale unapokuwa shamba la bibi. Kila mtu anachuma, hakuna anayepalilia. Ukiuliza huu msitu ni wa nani, unaambiwa wa serikali, na mtu akisema wa serikali ana maana si wangu mimi wala wako wewe. Msitu unabaki pale wanapokuwepo watu wa kuuita wetu, wakawa na madaraka juu yake, na faida yake ikaingia mikononi mwao.

Mnataka ushahidi? Tazameni hapo juu. Wazee wanakumbuka nusu maili. Msitu wa Kilimanjaro ulitangazwa hifadhi tangu mwaka 1921, na watu wakafungiwa nje. Mwaka 1941 ukatengwa ule ukanda wa upana wa nusu maili chini ya msitu, ili Wachagga wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao, na usimamizi ukawa chini ya Baraza la Wachagga wenyewe. Watu walipanda miti, walivuna kwa utaratibu, mapato yalirudi kwao. Baada ya uhuru mabaraza yale yakavunjwa, nusu maili ikahamishwa, ikawa ya halmashauri, ikawa ya serikali kuu, ikarudi, ikaenda tena. Kila ilipohama, mwenyewe alisogea mbali zaidi. Nini kilitokea? Ukanda ukaliwa. Mashamba yakaingia, misumeno ikaingia. Mwaka 2001 watafiti walipouzunguka mlima kwa ndege ndogo, walihesabu maelfu ya miti ya asili iliyokatwa msituni, mikulo ikiwa mingi, miti ambayo hakuna mtu humu aliyewahi kuipanda. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ikapanuliwa ikachukua msitu wote. Msumeno umepungua, na nawashukuru askari wa hifadhi kwa hilo. Lakini mama wa kijiji cha mpakani, anayekwenda kukata majani ya ng'ombe wake akiwa na hofu ya kukamatwa, huyo hawezi kuuita msitu ule wetu. Na moto ukiwaka usiku, huyo ndiye aliye karibu kuliko sote.

Tazameni tena Shinyanga. Wakati wa ukoloni watu walihamasishwa wafyeke mapori ili kuua mbung'o. Baadaye pamba ikaingia, ng'ombe wakaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 nchi ya Wasukuma ilikuwa vumbi. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Walianza kama tunavyoanza sote, na miche kwenye viriba. Kisha wakafanya jambo la busara: wakawasikiliza wazee. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo ambalo mvua zikianza linafungwa lisichungwe, liwe akiba ya malisho ya kiangazi. Lina mwenyewe, la familia au la kijiji, na anayevunja zuio anatozwa faini na sungusungu wa pale pale. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta kama 600. Miaka kumi na tano hivi baadaye zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Na sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu. Visiki vilikuwa hai chini ya udongo miaka yote hiyo, vinasubiri kuachwa. Mwaka 2002 kazi ile ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Hata mkaa, ndugu zangu. Kilosa, Morogoro, vijiji kadhaa vilitenga msitu wao wa kijiji, wakaugawa vitalu vya kuvuna mkaa kwa zamu, kitalu kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24 kichipue. Ushuru ukaingia kwenye akaunti ya kijiji, wakajenga madarasa na zahanati. Mchoma mkaa wa Kilosa alikuwa na leseni, na alikuwa wa kwanza kumkamata mwizi, kwa sababu mwizi alikuwa anamwibia yeye. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wale walifungua daftari.

Sisi tufanye nini? Sitawapa mambo ishirini.

Kwanza, chemchemi na mifongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Wangapi humu wana migomba ndani ya mita 60? Msinyooshe mikono, najua. Lakini halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji ukaijadili, ikapelekwa halmashauri ya wilaya ikapitishwa. Andikeni ya kwenu: nani analinda, faini ni kiasi gani, fedha inakwenda mfuko gani. Na ile mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi itoke, irudi mikuyu. Mikaratusi inakunywa mno.

Pili, kihamba. Kila halmashauri imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Sawa. Tunapanda, tunapiga picha, tunatoa taarifa. Nani anarudi Septemba kuhesabu iliyo hai? Mche mmoja wa mringaringa juu ya kahawa yako, wenye mtu anayeumwagilia, kwangu una thamani kuliko mia moja ya kiongozi. Na bei ya kahawa nzuri ya kivulini ikiwa imepanda, ushirika wetu umlipe zaidi mwenye kivuli. Hilo liko ndani ya uwezo wa mkutano huu, halihitaji wizara.

Tatu, zizi. Sisi tunafugia ndani, samadi iko nyuma ya jiko. Hapo Arusha kuna CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, wamekuwa wakijenga mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980. Ng'ombe wawili wanatosha kupikia familia, na tope linalotoka linarudi kwenye migomba. Gharama ya kuanzia ni kubwa kwa mtu mmoja. Ndiyo maana tuna ushirika. Tulikopeshana kwa ajili ya dawa ya kahawa miaka yote, tushindwe kukopeshana kwa ajili ya mtambo?

Nusu maili nayo tusiiache. Tuandike barua, vijiji vyote vya mpakani kwa pamoja, tuombe kukaa na wenzetu wa hifadhi tukubaliane siku za majani na kuni kavu, na sisi tuahidi kwa maandishi zamu za doria ya moto kuanzia Agosti mpaka mvua za vuli. Rasimu ninayo hapa. Imetaja majina ya vijiji, imeacha nafasi ya mihuri.

Ndugu Mwenyekiti, rasimu nakukabidhi wewe. Wenyeviti wa vijiji waliopo waisome leo kabla hawajaondoka, wanaoona pa kurekebisha warekebishe kwa kalamu. Kuna maswali, nimeona mikono ya wanafunzi tangu nilipotaja mikaratusi. Tuanze na wao.